Windo la Zamani

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa nne kasorobo asubuhi. Jua lilikuwa kali, upepo ulikuwa umegoma, na vumbi la Nachingwea lilikuwa limelala, kwa sababu siku ya mapumziko magari hayana haraka. Mbele ya steshenari ya Letisia, hatua chache kutoka stendi, benchi refu lilikuwa limeshapata watu wake.

Letisia alikuwa ndani, dirisha likiwa wazi. Dirisha hilo lilimpa faida na hasara. Faida ni kwamba alisikia kila lililosemwa benchini. Hasara ilikuwa hiyo hiyo. Mji mzima ulimwita Mama Kopi, kwa kuwa hapakuwa na cheti cha kuzaliwa, barua ya kuomba kazi wala kadi ya harusi ambayo haikupitia kwenye mashine yake. Alikuwa na kompyuta moja na printa moja, na tangu jana hakuwa na wino. Wino ulikuwa njiani kutoka Masasi.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na kitabu.

Kila Jumanne, kwa mwaka mzima, Mzee Ramadhan alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasimulia, naye Letisia akachapa. Mzee huyo aliwahi kuwa msasi, yaani mwindaji, wa kijiji huko Kiegei, enzi ambazo nguruwe pori walikuwa wakivuna mihogo kabla ya wenye shamba. Kijiweni waliongeza heshima wakamwita Mzee Gobore. Kitabu chake kilikuwa na kurasa sitini na mbili, na jina lake lilikuwa Windo la Zamani. Jumamosi ukoo wote ungekutana Marambo kukipokea. Mzee alikuwa ameshawaahidi wajukuu thelathini na wawili. Letisia alikuwa ameshamwahidi mzee.

Redio ndogo ya Mwantumu, muuza kahawa na karanga, ilikuwa imening'inia kwenye msumari wa dirisha. Mtangazaji alimaliza habari za korosho, akageukia teknolojia. Alisema kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya huduma kwa mfumo wa kompyuta uitwao Windows 10, na kwamba watumiaji wanashauriwa kuhamia toleo la kumi na moja.

Letisia alikuwa akikoroga chai. Aliacha kukoroga.

“Mmeisikia hiyo?” alisema Bakary. Huyu alikuwa fundi simu na kompyuta kutoka Ruangwa. Alikuwa amekuja na basi la alfajiri kuleta vioo vya simu, na angerudi na gari la saa saba. Kijiweni aliitwa Apdeti, kwa sababu hata akipewa kahawa huuliza kama kuna toleo jipya. “Mama Kopi, mimi nilikwambia toka kipindi cha ufuta. Leo ni leo. Lazima tupige windo.”

Ndipo Mzee Gobore alipotokea, fimbo mkononi, kofia imelala upande. Katika maneno yote aliyosema Bakary, alidaka hayo mawili ya mwisho, na uso ukamng'aa.

“Windo leo?” aliuliza. “Nani anaongoza? Mbwa wa nani?”

Benchi likasogea kumpisha mzee akae.

“Shikamoo mzee. Mbwa tunao,” alijibu Mwantumu bila kutabasamu, huku akimmiminia kahawa. “Mmoja huyu hapa, kavaa miwani.”

“Marahaba. Gobore langu nililisalimisha kituoni, lakini mtego bado najua kufunga. Tunaelekea wapi, Lionja au Kiegei?”

“Tunaelekea mezani kwa Mama Kopi,” alisema yule aliyevaa miwani. Huyo alikuwa Mwalimu Eliudi wa shule ya msingi, jina la kijiweni Nukta. Hakuwahi kukutana na bango, tangazo wala kanga asiyoikosoa uandishi. “Mzee, fundi anazungumzia mfumo wa kompyuta. Wenyewe wanauita windo. Kuuweka upya wanaita kupiga.”

“Sasa kompyuta inawinda nini?”

“Kwa sasa inawinda wino,” Letisia alijibu kutoka dirishani, na benchi likacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Yeye hakucheka sana. Alikuwa akitazama kioo cha kompyuta, ambapo ujumbe uleule wa redioni ulikuwa umejitokeza kwenye kona, kwa herufi ndogo zenye adabu.

“Apdeti,” aliita, “huduma ikikoma, mashine inazima?”

“Haizimi saa hiyo hiyo.”

“Inazima saa ngapi?”

“Dada, si mshumaa huu. Inaendelea kuwaka, ila inakuwa yatima. Inakuwa nyumba isiyo na komeo. Virusi vinaingia kama mbuzi kwenye mihogo.”

“Hebu subiri,” alisema Mwalimu Nukta, akaweka kikombe chini ili apate mikono miwili ya kubishania. “Virusi atoke huko aliko, apite Dar, apite Lindi, ale vumbi mpaka Nachingwea, anatafuta kompyuta ya Mama Kopi? Aibe nini? Kadi za kipaimara?”

“Virusi hapandi basi, Mwalimu.”

“Anapanda nini?”

“Flashi.”

“Flashi yangu wanakwaya wameiazima tangu Pasaka,” alisema Letisia.

“Basi virusi wako kwaya,” alisema Mwantumu. “Ndiyo maana sauti ya pili inakohoa.”

Mwalimu hakuyumba. “Mimi nimefundisha mitaala minne. Kila mpya unapokuja, cha kwanza kupotea ni chaki. Nilihama simu ya tochi nikaenda simu ya kupangusa. Mpaka leo usiku natafuta tochi kwa kupangusa. Na huu mji ndio usiambiwe habari za mitambo mipya. Mwingereza alikuja hapa hapa na matrekta yake, kalima karanga kwa mbwembwe, karanga zikamgomea akaondoka. Sisi tukaja na jembe, karanga hizo mnazila.”

“Mwalimu, hayo ya Mwingereza ni ya Nachingwea,” alisema Bakary. “Ruangwa hatuogopi kupanda daraja. Timu yetu ya Namungo ilipoanza, nani alisema tutacheza na wakubwa? Leo wakubwa wanakuja Ruangwa kutokwa jasho.”

“Na kompyuta hii imekataa kupanda daraja kwa kinywa chake,” alisema Mwalimu. Alinyanyuka, akaingiza kichwa dirishani, akasoma kwenye kioo kama anayesoma matokeo ya mtihani. “Hii hapa. Kompyuta hii haikidhi vigezo vya toleo jipya. Imekiri yenyewe. Mtoto kasema sikufaulu, wewe unamshonea sare ya sekondari.”

“Kuna mlango wa nyuma.”

“Mnasikia. Kuna mlango wa nyuma. Anampitishia mtoto dirishani.”

“Si ndiyo maana inaitwa windo,” alisema Mwantumu.

Hapo hata Letisia alicheka, akalaza kichwa mezani. Alipokiinua alikuta Mzee Gobore amesimama kwenye dirisha, amekunja uso kidogo, si kwa hasira bali kwa mahesabu.

“Mama,” mzee alisema kwa sauti ya chini, “hilo windo jipya likipigwa, la zamani linaweza kupunguzwapunguzwa?”

“Kupunguzwa vipi, mzee?”

“Kama ule ukurasa wa arobaini na moja.”

Mwantumu alisikia. Masikio yake yalisikia hata maji yakifikiria kuchemka. “Ule wa mkorosho?”

“Nilikuwa namwuliza mama.”

“Ule wa nguruwe mmoja kumpandisha msasi juu ya mkorosho, gobore likabaki chini, msasi akabaki juu mpaka adhuhuri?”

“Alikuwa nguruwe mkubwa.”

“Na akalala kivulini, akilinda gobore,” aliongeza Mwalimu. “Ukurasa huo nimeusoma. Umeandikwa vizuri, isipokuwa mkato mmoja.”

Letisia alimwonea mzee huruma, lakini alikuwa mtu wa utaratibu. “Mzee wangu, siku ya kwanza uliniambia kitabu hiki ni ukweli mtupu. Nikaandika hivyo ukurasa wa kwanza.”

“Siku ya kwanza sikuwa najua kwamba ukweli una kurasa nyingi hivi,” alisema mzee, akarudi benchini.

Mjadala uliendelea dakika arobaini nyingine. Mwantumu alitoa ushahidi wa maisha yake. Alisema mume wake wa kwanza alikuwa anakoroma, akahamia kwa wa pili. Wa pili hakoromi, ila kila hatua anauliza: unakubali, hukubali, nikukumbushe kesho, nani alikuwa kwenye simu. Bakary alisema huyo ndiye toleo la kumi na moja hasa, na maswali hayo ni ya usalama. Mwantumu alisema basi yeye yuko salama kupita kiasi. Mwalimu alisema ndoa na kompyuta ni mada mbili, na kila moja ianze aya yake.

Letisia hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akipima. Wino ungefika saa nane. Fundi angeondoka saa saba. Kitabu kilikuwa ndani ya mashine ambayo redio ilikuwa imeitangaza yatima mbele ya watu.

“Apdeti,” alisema hatimaye, “ukipiga hilo jipya, mafaili yangu yanabaki?”

“Yote. Hii si kufuta na kuanza moja. Tunapandisha tu. Ni kama kubadili bati la nyumba wewe umelala ndani.”

“Mvua isinyeshe,” alisema Mwalimu.

“Naapa kwa mkate wangu. Hata herufi moja haipotei.”

Letisia alimtazama Mzee Gobore. Mzee aliinua kikombe chake kama hakimu anayeruhusu shauri liendelee.

“Haya,” alisema Letisia. “Piga.”

Bakary alifanya kazi yake kwa madaha. Alichomeka flashi yake, akapita mlango wake wa nyuma, akaagiza watu wasiguse waya hata kwa macho. Kompyuta ilizima, ikawaka, ikazima tena, na kila ilipozima Mwalimu alivua miwani kama aliye msibani. Asilimia zilipanda taratibu. Kwenye thelathini na nne zilikaa muda mrefu, Mwantumu akasema mashine imepanda mkorosho. Mzee Gobore alijifanya anasikiliza redio.

Saa sita kasorobo kioo kiling'aa, rangi ya buluu ikatulia, na vialama vyote vikajipanga chini katikati.

“Mbona vimesongamana hivyo kama watu wa matanga?” aliuliza Mwantumu.

“Ndiyo mtindo mpya. Kitufe cha kuanzia sasa kiko katikati.”

“Kama mwanzo uko katikati,” alisema Mwalimu, “mwisho umepelekwa wapi?”

Letisia hakuwajibu. Aliingia kwenye uso wa kompyuta, akatafuta kwa macho, na pale pale kwenye kona alipoliacha, akaliona folda lake: WINDO LA ZAMANI. Alilifungua. Ukurasa wa kwanza, ukweli mtupu. Ukurasa wa sitini na mbili, mbwa wake mpendwa aliyeitwa Sijali anazikwa kwa heshima. Alilifunga, akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba tangu taarifa ya habari.

Alitoka nje, akakaa benchini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

“Mzee, kitabu chako kimeshavuka mto,” alisema. “Mwantumu, nipe kahawa. Leo hata chungu nitakunywa.”

Soga zilinoga. Mwalimu alikiri, kwa masharti, kwamba fundi amejitahidi. Mzee Gobore alianza kisa cha Sijali na kima wa Lionja, ambacho wote walikijua, na wote wakasubiri pale pa kuchekesha. Walikuwa wamefika pale hasa, kima ameshika mkia wa Sijali, Bakary alipoita kutoka ndani.

“Mama Kopi, diski imejaa. Hili windo la zamani nifute?”

Letisia alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kwa masikio yake aliyasikia maneno hayo, na kwa akili yake aliona ule mfumo mkongwe, yatima, usio na komeo.

“Futa,” alisema. “La kazi gani tena?”

“Nifute kabisa?”

“Futa, fundi,” alisema Mwalimu, aliyekuwa ameanza kuonja raha ya maendeleo. “Ukihama nyumba usiache chungu kwenye nyumba ya zamani.”

“Futa, kijana,” alisema Mzee Gobore, na akaendelea na kima.

Kima alipouachia mkia, Bakary alikuwa tayari mlangoni, anapangusa mikono kama aliyetoka kuchinja.

“Safi. Nimesafisha yote. Lile folda kuu la mfumo wa zamani, halafu nikakuta na jingine pale kwenye uso, nalo limeandikwa Windo la Zamani. Nikasema, aisee, hawa jamaa toleo hili wametisha. Limejitafsiri lenyewe mpaka Kiswahili.”

Letisia aliweka kikombe chini. Alikiweka kwa uangalifu sana, kama kwamba hicho ndicho kilikuwa hatarini.

“Umelifuta?”

“Si umesema futa?”

“Basi liko kwenye debe la taka la kompyuta,” alisema Letisia.

“Mimi sipitishi debe la taka, dada. Mimi nafuta moja kwa moja. Ndiyo tofauti ya fundi na...” Bakary aliangalia nyuso zao, na maneno yakamwishia barabarani.

Walirudi ndani wote watano. Bakary alijaribu programu ya kufufua mafaili. Programu ilifufua mtihani wa sayansi wa darasa la sita, picha tatu za harusi ya watu wasiojulikana, na tangazo la mbuzi aliyepotea. Mbuzi alirudi. Kitabu hakikurudi.

“Kopi,” alisema Mwalimu. “Bila shaka uliweka kopi mahali.”

Letisia alitikisa kichwa. Aliwatolea kopi watu wa Marambo, wa Kiegei, wa Lionja, na wengine waliokuja na baiskeli kutoka asikokujua. Kitabu hiki hakikuwa na kopi.

“Mama Kopi hana kopi,” alisema Mwantumu polepole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna aliyecheka.

Letisia alimgeukia mzee. Alikuwa amesoma chuoni kwamba habari mbaya hutolewa kwa sentensi fupi, naye akazitoa. “Mzee, kitabu kimefutwa. Mimi ndiye niliyesema futa. Nisamehe.”

Mzee Gobore alivua kofia. Alitazama fimbo yake, akatazama kompyuta, akatazama mlango uliokuwa unaelekea, kwa mbali, Marambo.

“Na mimi nilisema futa,” alisema. “Tena nilisema huku nacheka. Wajukuu thelathini na wawili, mama. Nitawapelekea nini, fimbo?”

Mwantumu hakujua kufariji kwa maneno. Alijua kufariji kwa karanga. Alikwenda kwenye meza yake, akajaza karatasi, akaikunja, akarudi akamwekea mzee mkononi. “Shika, mzee wangu. Zimekaangwa sasa hivi.”

Letisia aliitazama karatasi ile kwa sababu hakuweza kumtazama mzee usoni. Ilikuwa na maandishi. Aliinamisha kichwa pembeni, akasoma pale mkunjo ulipopita: *naye Sijali, ingawa alikuwa kilema wa mguu mmoja, alinitangulia.*

“Mwantumu,” alisema, “karatasi hii umeitoa wapi?”

“Si wewe ulinipa? Ule mzigo wa mwezi uliopita. Uliochapa ukatoka na mistari.”

Letisia alikumbuka. Mwezi uliopita alikuwa amechapa kitabu kizima ili amsomee mzee na kukosoa. Printa ikakitia mistari kama pundamilia. Walipomaliza kukosoa, aliubeba mzigo wote wa karatasi akampa Mwantumu afungie karanga. Na Mwantumu hakuwa mtu wa kukata karatasi. Alifunga kwa ukurasa mzima ili karanga zionekane nyingi.

“Ndiyo maana kijiwe kizima kinajua habari za mkorosho,” Letisia alisema. “Mwalimu, ulisema ulisoma ule ukurasa. Uliusomea wapi?”

Mwalimu alikohoa. “Nilikula karanga. Nikaona makosa. Nikaupeleka nyumbani nikausahihisha kwa kalamu nyekundu. Nao una wenzake kama kumi hivi.”

“Umekuwa ukisahihisha karatasi za karanga?”

“Kosa ni kosa, Mama Kopi, hata likiwa na chumvi.”

Mzee Gobore alisimama. Miaka ishirini ilimtoka mgongoni kama koti. Aligonga sakafu kwa fimbo.

“Haya,” alisema. “Sasa ndiyo tunapiga windo.”

Aliwapanga kama alivyowapanga wasasi wa Kiegei. Mwalimu alipewa njia ya nyumbani kwake, na akaambiwa akimbie upande wa kivuli. Mwantumu alipewa boksi lake la karatasi. Bakary alipewa begi lake mwenyewe, kwa sababu msasi mzuri huanza kwa kumpekua aliye karibu. Letisia alipewa duka. Mzee akajipangia kapu la kuwashia jiko la kahawa, lililokuwa limejaa karatasi zilizokwisha kazi, akasema mahali pagumu ni pa mkubwa.

Kurasa arobaini na tatu zilikuwa bado kwenye boksi, safi, zikisubiri karanga, na moja ilikuwa mkononi mwa mzee na karanga zake. Tatu zilitoka kwenye begi la Bakary, zimefungia skrubu za simu. Moja ilikuwa chini ya mguu mfupi wa benchi, imekunjwa mara nane, na benchi lilipoporwa likaanza kuyumba. Mbili Letisia alizikuta mahali alipokuwa akizitazama kila siku: alikuwa amezibandika mwenyewe, baada ya kula karanga zake, kwenye kioo kilichovunjika cha dirisha.

“Kwa hiyo windo lilikuwa kwenye dirisha,” alisema Bakary.

“Wewe usichekeshe watu bado,” alisema Mwantumu. “Subiri tukusamehe kwanza.”

Mwalimu alirudi anahema, jasho mpaka kwenye miwani, na kurasa kumi na moja ndani ya bahasha. Alikuwa amezikosoa, akazipa na alama. Ukurasa wa ishirini na tisa ulikuwa umepata themanini kwa mia.

“Mzee, na wewe kwenye kapu?” Letisia aliuliza.

“Huku hakuna kitu, mama,” alijibu mzee. “Ni majivu na matumaini.”

Walizipanga kurasa sakafuni kwa namba. Mwalimu alihesabu mara mbili, kwa sauti. Zilikuwa sitini na moja. Pengo lilikuwa moja, na lilikuwa kati ya arobaini na arobaini na mbili.

“Arobaini na moja,” alisema Mwantumu. “Ule wa mkorosho.”

“Nilikuwa nao,” alisema Mwalimu, akikuna kichwa. “Nina hakika nilikuwa nao. Kisha nikamletea Mwantumu aone ule mkato.”

“Na mimi nikautupa kwenye kapu,” alisema Mwantumu. “Ulikuwa na mafuta.”

“Basi umeshawasha jiko,” alisema Mzee Gobore haraka. “Ni amri ya Mungu. Mama, kaa kwenye mashine. Nitausimulia upya.”

Letisia alikaa. Alifungua ukurasa mpya kwenye windo jipya, akaandika arobaini na moja juu. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, akashika fimbo kwa mikono miwili, akafumba macho.

“Asubuhi ile,” alianza, “nguruwe saba walitoka porini.”

Vidole vya Letisia vilichapa.

“Saba?” aliuliza Mwalimu.

“Saba, na mama yao. Nikawaambia wanakijiji, pandeni juu ya mikorosho, niacheni mimi chini. Nikapiga goti. Gobore likalia mara moja.”

“Mzee, kwa heshima zote,” alisema Mwalimu, “mimi nimesahihisha ukurasa huo kwa mkono wangu. Alikuwa nguruwe mmoja. Aliyepanda mkorosho ni wewe.”

“Hilo ni toleo gani, Mwalimu?”

“Toleo la zamani.”

“La zamani huduma yake imekoma leo,” alisema mzee bila kufumbua macho. “Si umesikia redioni mwenyewe?”

Bakary ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashuka chini ya meza. Mwantumu alishika fremu ya mlango. Mwalimu alijizuia kwa muda unaompasa mwalimu, kisha naye akavua miwani na kufuta macho, akisema haikubaliki, haikubaliki hata kidogo, na kwamba pale kwenye pandeni juu ya mikorosho paongezwe alama za kunukuu.

Letisia alicheka pamoja nao. Alipomgeukia mzee ili amwulize nguruwe wa saba alikuwa na rangi gani, aliona kitu. Kwenye mfuko wa koti la mzee, kona ya karatasi ilikuwa imechungulia. Ilikuwa na doa la mafuta, alama ya kalamu nyekundu, na chini yake namba nne na namba moja.

Macho yao yalikutana. Mzee aliisukuma karatasi ndani kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayerudisha kifaranga kiotani.

Letisia aliufikiria ukurasa wa kwanza na yale maneno yake kuhusu ukweli. Akawafikiria na wajukuu thelathini na wawili.

“Endelea, mzee,” alisema. “Gobore likalia mara moja. Halafu?”

Kijiwe kilitawanyika saa tisa na nusu, jua likiwa bado kali na upepo bado umegoma. Mwalimu Eliudi alikwenda nyumbani kuchukua kalamu nyingine nyekundu, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imekauka. Bakary alilikosa gari la saa saba na la saa tisa, akakalishwa mbele ya kompyuta kuchapa upya kurasa sitini na moja kwa vidole viwili, bila kahawa. Mwantumu alimpa kila mteja karanga mkononi, na boksi la karatasi akalifungia kabatini. Letisia alipokea wino wake, akatembea mpaka kwa wanakwaya, akarudi na flashi. Mzee Ramadhan aliona jiko la kahawa linataka kuzimika, akajitolea kulipuliza, na karatasi ya kuliwashia akaitoa mfukoni mwake mwenyewe.